Shingo ya Ikupa na Kikohozi cha Uani

Kila alipotaka kutoka chumbani mwake, Mzee Sedekia alikohoa kwanza. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, cha kukusudia. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilimwarifu mke wa mwanawe kwamba anatoka, ajifiche. Ikupa akikisikia aliacha alichokishika, akageuza uso kushoto kuelekea ukutani, akainamisha kichwa na kungoja mpaka kandambili za mzee zipite uani, zifike chooni, zirudi, na mlango ufungwe. Naye alipotaka kupita mbele ya chumba cha mzee kwenda jikoni, aligonga mfuniko wa sufuria ili mzee ajue kwamba njia ina mtu.

Waliishi hivyo katika nyumba moja mtaa wa Soweto, Mbeya, kwa miaka karibu mitatu, wakiheshimiana sana, bila kutazamana usoni.

Kwa Wanyakyusa jambo hilo lina jina, ukutila, na halikuanza na Ikupa. Mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hali naye, wala hatamki jina lake. Huko Rungwe desturi hiyo ilikuwa na nafasi yake. Vijana waliooa zamani walijenga kijiji chao mbali na baba zao, vijia vilikuwa vingi, na mwanamke aliyeona mkwewe anakuja aliingia migombani akasubiri apite. Mjini hakuna migomba. Kuna ua mmoja, choo kimoja, na ujia ambao watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Wakristo wengi walikuwa wamekwisha kuilegeza desturi hiyo, lakini Mzee Sedekia hakuwa mtu wa kulegeza, na Ikupa hakuwa mtu wa kumwomba alegeze. Mzee alikuwa amefiwa na mke, macho yamepungua nuru, na Asukile, mume wa Ikupa, ndiye mwana pekee aliyebaki. Angekwenda wapi?

Kwa hiyo Ikupa alikuwa na mahali pamoja tu pa kuinua uso: kazini. Baba yake, mwinjilisti, alimsomesha kuliko wasichana wengi wa kilima chao, akapelekwa Dar es Salaam kujifunza kazi ya simu, akarudi Mbeya kukalia kiti chake mwenyewe mbele ya ubao wa simu. Alivaa chombo cha masikioni, akachomeka waya hapa na kuchomoa pale, akasema na wakubwa wa serikali, na wenye malori waliokwama Tunduma, na akina mama waliotafuta watoto wao migodini Kitwe, Zambia. Hakuna aliyemwona, wala hakuna aliyempasa kumfichia uso. Wenzake walilalamika kwamba kazi inachosha mgongo. Yeye aliingia chumba kile kila asubuhi kama mtu anayevua viatu vinavyobana.

Hata humo, lakini, ukutila ulimfuata. Mbalizi kulikuwa na mwenye duka aliyeitwa Sedekia, na wateja walimtafuta mara kwa mara.

"Damari, chukua wa Mbalizi," Ikupa alimwambia mwenzake wa kiti cha pili.

"Yule unayemwogopa?"

"Chukua tu, dada."

"Siku moja atapiga yeye mwenyewe, nami niko chai. Utamwambia nini? Namba yako haina jina?"

Walicheka, na Damari akachomeka waya.

Shingo ilianza wakati wa mvua za mwaka wa sabini na sita. Mwanzoni ilikuwa kukaza tu, kama mtu aliyelala vibaya. Kisha kidevu kikaanza kuvutwa kushoto chenyewe, polepole, hata pale asipokuwapo mtu wa kufichwa. Aliposhika kidevu kwa kidole kilirudi, akiachia kikaenda. Akawa anakaa mbele ya ubao akiuona kwa pembe ya jicho. Waya wa Njombe aliuchomeka Chunya. Daktari wa mjini alimpa vidonge vya kulegeza misuli, vikamlegeza kichwa chote, akasinzia huku taa za ubao zikimwita bure.

Bwana Silvester, msimamizi wao, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtia Ikupa hofu zaidi.

"Mama Anyitike, keti," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake, aliyekuwa akilelewa na bibi yake huko Rungwe. "Mimi nakujua toka ulipoanza. Lakini baada ya Pasaka daktari wa kazi anakuja kupima maopereta wote. Atakukalisha kwenye ubao. Kama shingo iko hivi hivi, ataandika kwamba afya hairuhusu. Nami sitakuwa na la kusema."

"Nitafanya kazi nyingine, bwana. Ya stempu."

"Nafasi ya stempu haipo. Ungekuwepo nyumbani tu, upumzike."

Nyumbani. Ikupa aliondoka ofisini mwake akiwa na neno hilo masikioni. Alijiona siku nzima uani, asubuhi mpaka jioni, akisikiliza mlango wa mzee.

Tena kulikuwa na maneno ya majirani, ambayo hayakusemwa mbele yake lakini yalimfikia. Walisema amemwona mkwewe, na mizimu ya kwao imekasirika. Kilichomuumiza ni kwamba ilikuwa kweli. Siku moja mzee aliteleza bombani, ndoo ikamwangukia, na Asukile hakuwepo. Ikupa alimkimbilia, akamshika mkono, akamwinua, na kwa muda mfupi akauona uso wake: uso mdogo, hauna meno ya mbele, umejaa aibu. Hakumwambia mtu. Mzee naye hakusema. Shingo ilianza miezi baadaye, na Ikupa, aliyesoma, aliyejua namna sauti inavyosafiri kwenye waya, hakuweza kuapa kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Daktari wa mjini alipochoka naye alimwandikia barua ya kwenda hospitali moja ya misheni karibu na Iringa. Huko, alisema, kuna mashine mpya. Hakueleza ni mashine ya nini. Ikupa alipanda basi la alfajiri, akapita Chimala na Igawa, uso wake ukiwa umegeukia dirisha la kushoto safari nzima. Abiria wa pembeni alidhani anaitazama Usangu kwa mapenzi, akaanza kumweleza habari za mpunga.

Mashine ilikuwa kisanduku cha chuma, kikubwa kidogo kuliko redio ya betri, kina mshale nyuma ya kioo na nyaya tatu nyembamba. Aliyeitumia alikuwa mganga wa viungo, msichana mrefu aliyeitwa Nyamizi, ambaye wazazi wake walikuwa wamehama na ng'ombe wao kutoka Usukumani kuja Usangu. Daktari wa Kizungu aliyeileta mashine alimfundisha kisha akarudi kwao, akimwachia kisanduku na kitabu chake.

Ikupa aliziona nyaya akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Unaogopa umeme, mama?" Nyamizi aliuliza.

"Naujua umeme. Nafanya kazi ya simu."

"Basi vizuri, tutaelewana upesi. Hapa hakuna umeme unaoingia mwilini mwako. Unaotoka ndio tunaousikiliza." Alimwonyesha vibati vidogo vya fedha vilivyokuwa kwenye ncha za nyaya, akavipaka ute wa baridi. "Msuli ukikaza hutoa umeme wake mwenyewe, kidogo mno, huwezi kuusikia wala kuuona. Kisanduku hiki kinaupokea, kinaukuza, kinaugeuza kuwa sauti. Sisi tunakiita redio ya misuli. Daktari alikuwa na jina refu zaidi."

"Halafu sauti ndiyo inayoponya?"

"Sauti haiponyi kitu. Inakupa habari tu."

Alimbandika vibati upande wa kulia wa shingo. Ikupa alimwambia kwamba amekosea, shingo inakwenda kushoto. Nyamizi akamshika mkono akauweka kwenye ule msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio la kulia kushuka kifuani. Ulikuwa mgumu kama kamba ya kisima. "Huu wa kulia ndio unaovuta uso kwenda kushoto," alisema. "Sikia sasa."

Akafungua swichi. Kisanduku kikalipuka kwa vishindo vidogo vidogo, tak-tak-tak-tak, kama mahindi yanavyopasuka kwenye kikaango chenye moto mkali. Ikupa alishtuka, na mahindi yakapasuka maradufu. Alitulia kidogo, yakapungua. Akaelewa mara moja, na alichokielewa kilimtisha: ile kelele yote ilikuwa yake. Miezi yote ile alikuwa akiibeba shingoni bila kuisikia.

"Kazi yako ni kuinyamazisha," Nyamizi alisema.

"Kwa namna gani?"

"Hapo sijui, mama. Kila mtu hutafuta mlango wake. Wengine hushusha mabega. Wengine hupumua taratibu. Mwalimu mmoja aliyeumwa kichwa aliwaza anaosha vyombo. Ukipata njia sahihi, sauti itapungua, nawe utajua hapo hapo. Mwili hujifunza kama mtoto anavyojifunza kutembea, kwa kuanguka na kujua kwamba ameanguka. Wewe ulikuwa unaanguka bila kujua."

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Kadiri Ikupa alivyojitahidi kunyamazisha, ndivyo mahindi yalivyopasuka, kwa kuwa kujitahidi kwenyewe ni kukaza. Aliwaza Pasaka inakaribia, tak-tak-tak. Aliwaza kiti chake, na mtu mwingine amekikalia, tak-tak-tak-tak. Alimwambia Nyamizi kwamba hiki chombo kinamsikia mpaka mawazo, na Nyamizi akacheka akasema hapana, kinasikia shingo tu, ila shingo ndiyo inayosikia mawazo.

Mgonjwa aliyemtangulia kila asubuhi alikuwa Mzee Maganga, mfugaji wa Usangu aliyepigwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama mkono wa koti. Kisanduku hicho hicho kilifungwa kwenye mkono wake, lakini yeye alitakiwa kuongeza sauti. Siku za kwanza, Nyamizi alisimulia, kilikuwa kimya kabisa. Kisha siku moja mzee alijaribu kukunja kidole, kidole hakikusogea, lakini kisanduku kikasema tak. Mara moja tu. Mzee akalia machozi, maana alijua kumbe kuna mtu bado yumo ndani. Sasa aliweza kushika kikombe kitupu.

"Mjukuu wangu," Maganga alimwambia Nyamizi, "mimi nateseka kuzitafuta kelele, huyu mama anazo za kumwaga. Kwa nini usitugawie?"

"Ningekuwa na uwezo huo, babu, ningekuwa na gari."

Ikupa alicheka, na sauti ya kisanduku, akaisikia, ikashuka. Huo ndio ulikuwa mlango wake wa kwanza. Baada ya kicheko, pale pumzi inapoisha na mabega yanapodondoka, kulikuwa na kimya kidogo. Alianza kukitafuta bila kicheko. Kazini alizoea kusikiliza waya ambao hakuna anayesema, kungoja tu, masikio yamefunguka na mwili umesahauliwa. Alikaa hivyo, kama anayemngoja mteja. Mahindi yakapasuka moja moja. Kidevu kikaja katikati, chenyewe, kikakaa. Nyamizi akamletea kioo, Ikupa akajitazama usoni moja kwa moja.

Siku tatu baadaye, akiwa ametulia na mshale umelala, Maganga alikohoa kwenye korido.

Kisanduku kikalipuka. Kidevu kikaruka mpaka begani, na kichwa chake kikainama kuelekea ukutani kabla hajajua anachofanya. Nyamizi alimtazama, akautazama mlango.

"Ni nini hicho?"

"Sijui."

"Shingo inajua. Babu, kohoa tena."

"Nikohoe nini, sina kifua."

"Kohoa tu."

Maganga akakohoa. Tak-tak-tak-tak-tak.

Ikupa alieleza basi. Alieleza ujia, ua, kandambili, mfuniko wa sufuria. Alieleza mpaka siku ya ndoo, jambo ambalo hakulieleza kwa mume wake, na sauti ya kisanduku ilimsindikiza maneno yote. Alipomaliza aliuliza, akitazama sakafu, kama mashine inaweza kusikia laana.

Nyamizi alifikiri. "Habari za laana siwezi kukwambia, mama. Kwetu pia zipo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba msuli huu haujakatika wala haujaoza. Umefanya adabu mara nyingi mno, mpaka umesahau kuacha. Labda. Daktari mwenyewe alisema wengine huwa na shingo hii bila sababu yoyote, na wengine mashine haiwafai. Lakini wewe inakufaa, nimeona."

"Nifanyeje? Nisimfiche uso baba?"

"Sikusema hivyo. Mfiche, kisha uache. Tatizo lako ni kuacha."

Tangu siku hiyo Maganga alipata kazi. Alikalishwa nje ya mlango, mkono wake mbovu umeshika kikombe, akawa anakohoa Nyamizi akimpa ishara. Aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

"Mkwe," aliita kutoka koridoni, "leo unataka kikohozi gani? Cha chooni au cha kuulizia ugali?"

"Cha chooni, baba," Ikupa alijibu, uso wake ukutani, na yeye mwenyewe akashangaa kwamba amejibu.

Kikohozi kilipokuja, shingo ilikaza, alijificha kama inavyopasa, kisha akaanza kuutafuta ule waya wenye ukimya. Mwanzo kuupata kulichukua muda mrefu kama kupika maharage. Baadaye muda ulikuwa mfupi. Mwisho Nyamizi alizima sauti kabisa, akamwambia akisie mwenyewe kama amekaza au amelegea, naye akimtazamia mshale. "Kisanduku ni kioo tu," alisema. "Huwezi kutembea na kioo mbele ya uso maisha yote." Ikupa alikisia sawa mara nyingi kuliko alivyokosea.

Asukile alipiga simu ofisi ya hospitali siku ya Alhamisi. Ikupa, kwa furaha ya kuisikia sauti ya Damari ikimuunganisha, alisema zaidi ya alivyokusudia.

"Kumbe ni kikohozi cha baba," alimwambia mumewe. "Nikikisikia shingo inakimbia."

"Cha baba?" Asukile aliuliza. "Nitaongea naye."

"Usi—" alianza Ikupa, lakini waya ulikuwa umekatika.

Alirudi Mbeya siku chache kabla ya Pasaka, akiwa amekaa upande wa kulia wa basi. Soweto ilikuwa na matope. Aliingia uani na mzigo wake kichwani, kichwa kimenyooka, na jirani mmoja alisimama kumtazama. Aliweka mzigo, akashika sufuria aende jikoni, akagonga mfuniko.

Kimya.

Alisubiri kikohozi mchana wote. Hakikuja. Alipokuwa akichambua mchicha alisikia kandambili nyuma yake, karibu kabisa, akaruka hata mchicha ukamwagika, akajibanza ukutani. Kandambili zilisita, zikarudi zilikotoka. Jioni ikawa hivyo tena. Mzee alikuwa anatoka bila kukohoa.

"Nilimwambia," Asukile alisema walipokuwa chumbani. "Alisikitika sana. Akasema kama kikohozi chake kinamuumiza mtoto wa watu, amekiacha. Tangu siku ile hajakohoa hata cha mafua. Usiku nilimsikia anakimeza."

"Asukile, sasa sijui yuko wapi."

"Yupo chumbani."

"Sasa hivi yupo. Na baada ya muda? Zamani nilikuwa na nafasi baina ya kikohozi na kikohozi. Sasa sina. Mlango wake ni kama unafunguka siku nzima."

"Alijizuia kwa kukupenda. Nikamwambie nini sasa, aanze tena? Ataona tunamchezea. Tusubiri sikukuu ipite."

Lakini daktari wa kazi alikuwa anakuja mara tu sikukuu ipite.

Siku ya Pasaka kanisani Ikupa aliimba kidevu chake kikiwa katikati. Alipofika nyumbani kilianza kuvuta. Jumatatu alikuwa akipika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika shavu. Alijaribu kuutafuta waya wenye ukimya, lakini mtu hawezi kulegea anaposikiliza kila mlio wa uani. Alikumbuka maneno ya Nyamizi, kwamba tatizo lake ni kuacha. Ataacha vipi kitu ambacho hakijaanza wala kwisha? Aliona wazi siku zitakavyokuwa endapo kesho atashindwa: yeye na mzee, uani, kila mmoja akinyata ili asimuumize mwenzake.

Alasiri hiyo, Asukile akiwa ametoka, Ikupa alitoka na sufuria akasimama mbele ya mlango wa mzee. Aligeuza uso ukutani. Akagonga mfuniko.

Hakuna jibu. Alijua yumo, kitanda kililia.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Kuku wa jirani wakatawanyika. Hangeweza kumwita kwa jina, wala kwa sauti, wala kumtuma mtu, maana hakukuwa na mtu. Alikuwa na mfuniko tu. Aligonga, akanyamaza, akagonga, kama mteja anayeita simu ambayo anajua mwenyewe yupo. Aliwaza kwamba mzee anaweza kudhani amerukwa na akili, au amekosa adabu, na kwamba kama akitoka nje kuuliza kuna nini watakutana ana kwa ana kwa mara ya pili, na safari hii hakutakuwa na ndoo ya kusingizia.

Kitanda kililia tena. Nyayo zilikuja mpaka nyuma ya mlango, zikasimama. Ikupa alifumba macho. Aligonga mara moja, polepole, kama mtu anayeuliza.

Ndani, Mzee Sedekia alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kujaribu. Shingo ya Ikupa iliruka, akainama, akajificha vizuri kama alivyofunzwa na mama yake. Alitembea mpaka jikoni. Nyuma yake mlango ulifunguka, kandambili zikapita, zikaenda, zikarudi, mlango ukafungwa. Basi. Yameisha. Aliweka sufuria chini, akadondosha mabega, akasikiliza mahindi yanavyopasuka shingoni mwake, mengi, machache, moja moja. Kidevu kilirudi nusu. Akangoja. Kikarudi kilichobaki, isipokuwa kidogo.

Jioni mzee alikohoa alipotoka kuota jua la mwisho, na alipoingia, na mara moja zaidi bila kwenda popote.

Daktari wa kazi alikuwa kijana aliyechoka kwa safari. Alimkalisha Ikupa mbele ya ubao katika saa za wateja wengi, akasimama upande wake wa kushoto na Bwana Silvester. Taa ziliwaka. Ikupa alichomeka, akachomoa. Alijua wanamtazama kidevu, na alikisikia kikitaka kwenda. Kilikwenda kidogo. Aliacha kiende, hakukishika, kisha akakaa kama anayengoja waya ujibu, nacho kikarudi. Tukuyu, Chunya, Njombe. Kikaenda tena, kikarudi tena.

"Haijanyooka kabisa," daktari alimwambia Silvester, kana kwamba Ikupa yuko mbali.

"Haijanyooka," Silvester alikubali. "Lakini hajakosea waya."

Daktari alitazama kwa muda ambao Ikupa aliuona mrefu mno. Kisha akasema aendelee, na kwamba atapimwa upya mwaka ukiisha, naye akaenda kiti cha Damari. Ikupa hakugeuka. Hakuthubutu bado. Taa ya Mbalizi iliwaka, na mteja akamtaka yule mwenye duka, wajina wa mkwewe.

"Damari," alisema, "chukua wa Mbalizi."

"Napimwa, dada," Damari alisema. "Chukua mwenyewe."

Taa iliendelea kuwaka. Ikupa aliinua waya, shingo yake ikaanza kuvuta.

"Ngoja kidogo," alimwambia mteja. "Namtafuta."